Mfupa Uliunga, Mkono Ukachelewa

Mtu aliyevunjika mkono huulizwa swali moja na kila anayekutana naye: mfupa umeshaunga? Akijibu ndiyo, watu humpa pole ya mwisho, humshukuru Mungu pamoja naye, na habari hufungwa. Mimi niliulizwa swali hilo barazani, misibani, kanisani na katika chumba cha walimu kwa muda mrefu, na kila nilipojibu nilijua kwamba jibu langu, hata likiwa la kweli, halijagusa kilichokuwa kikinisumbua. Mfupa wa mkono wa juu, ule unaotoka begani hadi kwenye kiwiko na ambao madaktari huuita humerasi, ukivunjika vibaya huacha nyuma yake mambo ambayo picha ya eksirei haiyaonyeshi: mshipa wa fahamu uliovutwa, bega lililokakamaa, kiwiko kisichonyooka, misuli iliyonywea. Nimeishi na mkono wa namna hiyo kwa miaka kadhaa sasa, na ninaandika kwa sababu wengi wanaorudi nyumbani na hogo mkononi hawaambiwi kwamba mfupa ndio sehemu nyepesi ya ugonjwa wao.

Niliumia nikiwa abiria wa bodaboda hapa Morogoro, jioni ya mvua, pikipiki ilipoteleza kwenye kona na kuniangusha upande wa kulia juu ya mkono wangu mwenyewe. Ajali za bodaboda zinafanana mno, na ya kwangu haina la kuongeza. Lililo muhimu ni mahali mfupa ulipovunjika: theluthi ya chini, juu kidogo ya kiwiko, ufa ukiuzunguka mfupa kwa mshazari, vipande viwili vikiwa vimepishana, ngozi ikiwa haijachanika. Mvunjiko wa aina hiyo una sifa yake katika vitabu vya udaktari. Mwaka 1963 madaktari wawili wa Marekani, Holstein na Lewis, waliueleza kwa sababu ya jambo walilolikuta kwa wagonjwa wao, yaani mkono kupooza kuanzia kwenye kifundo. Neva ya radiali, mshipa wa fahamu utokao kwapani, hupita nyuma ya mfupa huo ikiuzunguka kwa karibu sana, kisha hutoboa ukuta mgumu wa utando ulio kati ya misuli ili ije mbele ya kiwiko. Kwenye tundu hilo la utando haina nafasi ya kukwepa, na vipande vya mfupa vikisogea, neva huvutwa, hubanwa au, mara chache, hukatwa.

Daktari wa zamu hakuanza na mfupa. Aliutazama mkono uliokuwa umeshavimba, akaulaza juu ya mto, akaniambia, "Mwalimu, hebu nyanyua kiganja."

"Nimenyanyua, Daktari," nikamjibu, kwa maana nilikuwa nimeshakusudia kufanya hivyo na nilikuwa nikitazama dari. Nilipoteremsha macho, kiganja kilikuwa kimelala vilevile, vidole vimejikunja kidogo, kidole gumba kimeingia ndani. Akapitisha ncha ya pamba kwenye mgongo wa mkono, kwenye ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, nami sikuhisi kitu. Aliandika saa na alichokiona katika faili kabla ya mtu yeyote kuugusa mkono kwa ajili ya kuufunga, jambo ambalo uzito wake niliuelewa baadaye: mshipa uliolala tangu ajali una maana moja kwa mganga, na mshipa uliokuwa ukifanya kazi vizuri kisha ukalala baada ya mkono kuvutwa na kufungwa una maana nyingine kabisa.

Udhaifu unaoletwa na neva hiyo msomaji anaweza kuuonja bila kuumia. Kunja kifundo cha mkono wako hadi kiganja kielekee chini kabisa, kisha jaribu kukaza ngumi bila kukinyanyua kifundo. Ngumi haitakaza. Misuli inayokunja vidole haina shida yoyote, lakini ili ipate nguvu inahitaji kifundo kiwe kimenyanyuka kidogo kuelekea nyuma, na neva ya radiali ndiyo inayokinyanyua. Ndiyo sababu mtu aliyepooza mshipa huu hawezi kushika chaki, kikombe wala ufunguo, ingawa nusu ya misuli ya mkono wake ni mizima. Dawa ya kwanza ni banzi dogo la plastiki linalokishikilia kifundo kikiwa kimenyanyuka. Siku nilipovalishwa banzi hilo, niliweza kushika kijiko kwa mkono wa kulia jioni ileile, mfupa ukiwa bado umevunjika na mshipa ukiwa bado umelala. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotumia, na ningependa kuona kinatolewa siku ya kwanza kwa kila anayekihitaji badala ya kungojewa hadi kliniki ya pili au ya tatu.

Takriban mtu 1 kati ya 10 wanaovunjika sehemu ya kati ya mfupa huu hupata kupooza kwa namna hiyo. Habari njema ni kwamba zaidi ya 7 kati ya 10 ya hao hupona wenyewe bila neva kufunguliwa, kwa sababu mara nyingi neva haijakatika, ila imevutwa au kupondwa. Mwingereza Herbert Seddon alizigawa ajali za neva katika ngazi tatu mwaka 1943, na mgawanyo wake bado unatumika: neva iliyozimika kwa muda huku nyuzi zake zikiwa nzima, neva ambayo nyuzi za ndani zimekatika lakini ala yake ipo, na neva iliyokatika kabisa. Ya kwanza huamka ndani ya majuma machache. Ya pili hulazimika kuota upya kutoka mahali ilipoumia, na huota kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Kama msuli wa kwanza unaongojewa uko sentimita 10 kutoka kwenye mvunjiko, hesabu inakuja miezi mitatu na zaidi kabla ya dalili yoyote, na hakuna sindano, kidonge wala mafuta yatakayoiharakisha. Kwa mgonjwa, muda huo wa kungoja unafanana na kutelekezwa. Kwa daktari ni uamuzi: anangoja kwa sababu kuifungua mapema neva ambayo ingepona yenyewe ni kuihatarisha bure, na anaweka mpaka wa miezi kadhaa ambao ukipita bila dalili, kipimo cha umeme wa neva na misuli hufanywa na upasuaji hufikiriwa.

Katika muda huo kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine. Mwaka 1915, vita vikiwa vimejaza hospitali za Ufaransa majeruhi wa neva, daktari Jules Tinel alieleza kwamba ukigonga kwa ncha ya kidole juu ya njia ya neva inayoota, mgonjwa husikia mtekenyo wa umeme ukikimbilia chini hadi kwenye ngozi inayohudumiwa na neva hiyo. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinigonga hivyo kila nilipokwenda, akaweka alama ya kalamu mahali mtekenyo ulipoanzia, kisha akapima umbali wake kutoka kwenye kiwiko. Alama ile iliteremka kidogo kidogo. Kiganja kilikuwa bado kimelala, lakini karatasi ya vipimo ilionyesha kwamba kitu kinatembea ndani ya mkono, na kwangu hilo lilitosha kunirudisha kliniki. Msuli wa kwanza kuamka ulikuwa ule ulio upande wa gumba wa mkono wa chini, unaosaidia kukunja kiwiko; baadaye kifundo, kisha vidole, na mwisho kabisa gumba. Ndivyo mpangilio ulivyo kwa karibu kila mtu, kwa sababu neva huifikia misuli iliyo karibu kabla ya iliyo mbali.

Sasa mfupa wenyewe. Huu ni mfupa mvumilivu kuliko mifupa yote mirefu ya mwili. Bega huzunguka kila upande, kiwiko hukunjika, na mkono hauchukui uzito wa mwili kama mguu, kwa hiyo mfupa ukiunga umepinda kidogo, viungo vilivyo juu na chini yake huificha kasoro hiyo. Kipimo ambacho madaktari wengi wamekifuata tangu mwaka 1966, kilichotolewa na daktari Klenerman, huruhusu mpindo wa hadi nyuzi 20 kuelekea mbele au nyuma, nyuzi 30 kuelekea upande, na mkono kufupika hadi sentimita 3, bila mwenye mkono kuona tofauti kubwa katika kazi zake. Paja likiunga hivyo, mtu atachechemea maisha yake yote.

Uvumilivu huo ndio uliompa jina Augusto Sarmiento, daktari mzaliwa wa Kolombia aliyefanya kazi Marekani, ambaye tangu miaka ya 1970 alieneza matumizi ya ganda la plastiki la vipande viwili linalovikwa mkono wa juu na kukazwa kwa mikanda, huku bega na kiwiko vikiachwa huru. Ganda halishikilii mfupa moja kwa moja. Linaibana misuli kuuzunguka, na uzito wa mkono unaoning'inia unavuta vipande vinyooke. Mwaka 2000 yeye na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 620 waliofuatiliwa hadi mwisho, kati ya 922 waliotibiwa, na wale ambao mfupa ulikataa kuunga walikuwa chini ya asilimia 2 kwa mivunjiko isiyochana ngozi na asilimia 6 kwa iliyochana. Maganda ya namna hii hutengenezwa hapa nchini na mafundi waliosomea kazi hiyo. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika.

Nilifungwa kwanza hogo lenye umbo la herufi U, linaloanzia kwapani, likapita chini ya kiwiko na kupanda hadi juu ya bega, na uvimbe ulipopungua nikavikwa ganda. Nisichokisoma popote ni namna ya kulala. Mvutano wa uzito hufanya kazi mkono ukiwa unaning'inia tu, kwa hiyo mgonjwa hulala akiwa ameketi nusu, ameegemea mito, kwa majuma mengi, na akijisahau akalala chali, vipande hugusana na kusagana kwa sauti ambayo haisikiki kwa sikio bali kwa meno. Mke wangu alinipangia magunia mawili ya nguo ukutani, na hapo ndipo nilipolala. Ninalisema hili kwa sababu wengi huacha ganda si kwa maumivu ya mchana bali kwa kukosa usingizi, na ni heri kuambiwa mapema kuliko kudhani kwamba mambo yameharibika.

Uvumilivu huohuo wa mfupa unaeleza pia kwa nini mafundi wa kienyeji wa kuunga mifupa wana sifa nzuri katika vijiji vyetu. Mzee mmoja wa ukoo wetu alifika nyumbani na vijiti vya mianzi na majani, na sikumcheka. Ameunga mikono mingi, na mvunjiko uliofungwa wa katikati ya mfupa huu, ukifungwa kwa kiasi na kuachwa ukining'inia, una nafasi kubwa ya kuunga katika mikono ya mtu yeyote mwenye subira. Hatari iko mahali pengine, nayo ni kukaza. Mwaka 1881 Mjerumani Richard von Volkmann alieleza kiganja kinachojikunja kama ukucha wa ndege na kubaki hivyo daima baada ya mkono uliovunjika kufungwa kwa nguvu, kwa sababu misuli ya mkono wa chini ilinyimwa damu ikafa na kugeuka kovu. Wanaopata balaa hilo zaidi ni watoto, hasa wanaoanguka kutoka miembeni na mipera na kuvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mshipa mkubwa wa damu unapita mbele ya mfupa. Mtoto aliyefungwa mkono, iwe kwa mianzi au kwa hogo la hospitali, akilia kwa maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na akapiga kelele pale vidole vyake vinaponyooshwa na mtu mwingine, kifungo hicho kikatwe na kupanuliwa papo hapo, hadi kwenye ngozi, na apelekwe hospitali bila kungoja kuche. Misuli haisubiri, saa chache zinatosha kuiua. Nimeona kijana mmoja mwenye mkono wa namna hiyo katika foleni ya kliniki, na mfupa wake, kwa taarifa ya msomaji, ulikuwa umeunga vizuri sana.

Wangu haukuunga kwa ganda. Katika kliniki ya wiki ya 6 daktari aliushika mkono juu na chini ya mvunjiko, akausukuma taratibu, na sote wawili tulihisi ukicheza. Hiyo peke yake ni ishara mbaya, kwa kuwa kufikia muda huo mfupa unaoelekea kuunga huwa umeshajenga kovu la kutosha kuzuia mchezo. Tuliendelea kungoja, eksirei baada ya eksirei, hadi nusu mwaka ulipopita na mstari mweusi kati ya vipande ukiwa ungali uleule. Matokeo mazuri ya Sarmiento hayakurudiwa kila mahali. Huko Ufini, utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliwagawa wagonjwa 82 kwa bahati nasibu, wengine wakafanyiwa upasuaji na wengine wakavikwa ganda. Baada ya mwaka mmoja uwezo wa mikono haukutofautiana kwa kiasi cha maana, lakini karibu asilimia 30 ya waliovikwa ganda walikuwa wamelazimika kuhamia kwenye upasuaji, wengi wao kwa sababu mfupa ulichelewa kuunga. Naziona namba hizo kuwa za haki kwa pande zote mbili. Ganda linastahili kujaribiwa, na mgonjwa anastahili kuambiwa tangu mwanzo kwamba linaweza kushindwa, ili likishindwa asidhani amelogwa.

Upasuaji wa mfupa uliokataa kuunga una kanuni mbili: ushikwe imara na upewe chakula. Kushika hufanywa kwa bamba la chuma na skrubu, au kwa msumari mrefu unaopitishwa ndani ya uboho. Kuna msumari uliobuniwa na shirika la SIGN, ambalo daktari Lewis Zirkle alilianzisha mwaka 1999 katika jimbo la Washington nchini Marekani, na sifa yake ni kwamba unafungwa bila kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Hospitali kadhaa za Tanzania huutumia, zaidi kwa paja na muundi. Kwa mkono wa juu, msumari unaoingilia begani mara nyingine huacha maumivu ya bega, na katika mvunjiko ulio chini kama wangu bamba ndilo lililofaa. Chakula cha mfupa kilichukuliwa nyongani mwangu mwenyewe, vipande vidogo vya mfupa laini vilivyopakiwa kuzunguka mvunjiko. Mtu anayeandaliwa kwa upasuaji huo ajue kwamba kwa siku za kwanza nyonga itamuuma kuliko mkono.

Kilichoninyima amani kabla ya siku hiyo si kisu. Neva ilikuwa ndiyo kwanza imeamka. Kifundo kilinyanyuka, vidole vilinyooka nusu, na sasa nilitakiwa kusaini karatasi iliyoeleza kwamba inaweza kulala tena. Ili bamba likae, neva lazima itafutwe, itenganishwe na kovu na kusogezwa kando, na kila hatua kati ya hizo ina hatari yake. Nilimwuliza daktari kama hatuwezi kuuacha mfupa kama ulivyo. Hakunishawishi. Alinieleza kwamba mkono usiounga hautabeba ndoo wala mtoto, na kwamba neva iliyoko juu ya mfupa unaocheza haiko salama pia. Nikasaini. Baadaye aliniambia kwamba aliikuta neva ikiwa nzima, imenenepa na kunata kwenye kovu, na kwamba aliiacha ikipita juu ya bamba, akaandika katika ripoti ya upasuaji inavuka wapi, ili atakayeufungua mkono huo siku nyingine asikutane nayo gizani. Kifundo kilinyanyuka baada ya ganzi kuisha. Gumba lilizubaa kwa majuma mengi.

Wale ambao neva haikurudi hawajafika mwisho wa njia, na hili halielezwi vya kutosha. Kuna upasuaji wa zamani na wa kuaminika wa kuhamisha kano, uliokomaa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambapo kano za misuli mizima iliyo upande wa mbele wa mkono hukatwa na kushonwa kwenye kano zilizolala upande wa nyuma: mmoja huhamishiwa kwenye kifundo, mwingine kwenye vidole, mwingine kwenye gumba. Mgonjwa hujifunza kunyanyua kiganja kwa msuli ambao hapo awali ulifanya kazi nyingine. Nguvu hairudi yote, lakini kalamu hushikwa na vifungo vya shati hufungwa.

Nikirudi kwenye viungo, hapa ndipo nina lawama. Katika hospitali ya kwanza niliruhusiwa kwenda nyumbani nikiwa na dawa za maumivu na tarehe ya kliniki, na hakuna aliyeniambia nifanye nini na vidole, kiwiko na bega katika majuma yaliyofuata. Bega lisilotumika huanza kukakamaa ndani ya muda mfupi, na kiwiko hukakamaa haraka zaidi. Mazoezi ya mwanzo ni mepesi kiasi cha kudharaulika: kuinama mbele, kuuacha mkono uning'inie na kuuzungusha duara ndogo kwa kuyumba kwa mwili, kukunja na kukunjua kiwiko kadiri maumivu yanavyoruhusu, kufungua na kufumba vidole mara nyingi kwa siku, na vile vilivyolala kuvinyoosha kwa mkono mwingine ili visikauke. Anayeyafanya mapema hutofautiana sana na anayeanza baada ya hogo kutolewa.

Mtaalamu wa mazoezi aliyenipokea baadaye alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mpole wa maneno na mgumu wa msimamo. Siku ya kwanza aliuliza, "Mwalimu, nyumbani wanakuchua?"

"Mama ananichua kila jioni, dada. Kwa maji ya moto na mafuta ya nazi."

"Mpe shikamoo yangu, na umwambie bega achue taratibu, ila kiwiko asikiguse wala asikinyooshe kwa nguvu."

Sababu yake nimeithibitisha tangu hapo kwa kila daktari niliyemwuliza. Msuli ulio mbele ya kiwiko, ukiwa umeumia kisha ukakandwa na kunyooshwa kwa nguvu na mtu mwingine, unaweza kujenga mfupa ndani yake, na mfupa huo hufunga kiwiko moja kwa moja. Kiwiko hutaka kunyooshwa na mwenyewe, kwa misuli yake, kidogo kidogo na kila siku. Mama alikubali kwa shingo upande. Kuchua kulikuwa ndiko kuuguza kwake.

Kiwiko changu leo hakinyooki kabisa. Kilinisumbua moyoni hadi nilipoonyeshwa kwamba shughuli nyingi za kila siku, kama daktari Morrey na wenzake walivyopima mwaka 1981, hufanyika kiwiko kikiwa kati ya nyuzi 30 na nyuzi 130 za mkunjo, na mimi nimo ndani ya kiasi hicho kwa nafasi. Bega ndilo lililonigharimu kazi. Kuandika juu ya ubao kunadai mkono upande juu ya kichwa na kubaki huko, na misuli ya bega iliyonywea hutetemeka baada ya mistari miwili. Niliandika kwa mkono wa kushoto kwa muda, maandishi yakawa ya mtoto wa darasa la pili na wanafunzi wakawa na adabu ya kutocheka. Kisha nikajifunza kuandika nusu ya chini ya ubao tu. Hata leo, ndani ya daladala iliyojaa, nashika bomba la juu kwa mkono wa kushoto.

Shangazi yangu wa Tanga alivunjika mwaka uliofuata kwa kuteleza bafuni, naye alivunjika juu, karibu na kichwa cha mfupa, kama wanavyovunjika wengi wa umri wake ambao mifupa imepungua ugumu. Alipigiwa eksirei, akafungwa kitambaa cha shingoni na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili kuanza mazoezi. Alinipigia simu kwa uchungu: "Baba, mbona wewe umewekewa vyuma na mimi wamenifunga kitambaa tu? Au ni kwa kuwa nimezeeka?" Nilimweleza kwamba ni mvunjiko mwingine na dawa nyingine. Mwaka 2015 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti wa watu 250 waliovunjika sehemu hiyo, vipande vikiwa vimesogea, na baada ya miaka miwili waliopasuliwa hawakuwa na mkono bora kuliko waliofungwa kitambaa na kufanyishwa mazoezi. Zipo hali zinazodai upasuaji, kwa mfano kichwa cha mfupa kilichopasuka au kutoka kabisa katika bega, na zipo ambazo kichwa hicho hukosa damu na kufa polepole. Yake haikuwa hivyo. Leo anasuka nywele za wajukuu, ingawa kamba ya kuanikia nguo ilibidi ishushwe.

Kuhusu fedha nitasema machache. Aliyeumia barabarani achukue fomu ya PF3 polisi mapema, kwa maana madai ya bima ya chombo yatasimama juu yake, na asifunge madai siku mfupa unapounga. Gharama za mkono kama huu huja kwa mafungu, na fungu kubwa huja baadaye: nauli za mazoezi, banzi, kipimo cha neva, upasuaji wa pili, miezi ya kufanya kazi nusu. Fundi cherehani, dereva au mwashi asiye na mshahara huumia hapa kuliko kwenye meza ya upasuaji.

Bado naulizwa lini nitatoa chuma. Wengi huamini kwamba kila kilichowekwa lazima kitolewe, na wapo wanaokusanya fedha kwa ajili hiyo. Kwa mtu mzima ambaye bamba halimuumi, halijaota usaha na skrubu hazijalegea, hakuna sharti la kulitoa, na katika mfupa huu kulitoa ni kupita tena palepale penye neva, safari hii ikiwa imezungukwa na kovu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Uluguru inaposhuka, nalihisi chuma hilo, na nikilalia upande wa kulia kwa muda mrefu huamka. Daktari aliniuliza kama maumivu hayo yanatosha kuibahatisha neva kwa mara ya tatu. Nilimjibu kwamba hayatoshi, akaandika hivyo katika faili, na bamba limebaki.